Kwa nini flopi zilizoandikwa Tabora zilikuwa zinagoma kusomeka Kigoma?

#1 Katubuka_Juu
Wakuu salaam.

Kuna sanduku la flopi za kati ya 1988 na 1997 linataka kuokolewa. Ni mchanganyiko wa inchi 5¼ na inchi 3½. Nusu zimetoka nyumba moja ya Cheyo, Tabora, na nusu zimetoka Katubuka, Kigoma. Ndani kuna barua za WordPerfect 5.1, mahesabu ya Lotus 1-2-3, orodha za dBase na magemu ya DOS.

Waliokuwa na kompyuta nyumbani enzi zile wanalijua hili. Unakopi flopi Tabora, unapanda nayo treni, ukiichomeka Kigoma unakutana na:

Data error reading drive A
Abort, Retry, Fail?

Unabonyeza R mpaka kidole kinachoka. Ukiirudisha Tabora kwenye mashine ileile iliyoiandika, inasomeka bila shida. Wapo waliosema ni unyevu wa ziwa, wapo waliosema ni umeme wa jenereta, na wapo waliosema ni treni. Naomba wajuzi waje na sababu zenye vipimo. Na kama kuna njia ya kuzisoma leo, tupeane hatua.

#2 Migebuka_Asilia
Ni ziwa, mkuu. Kigoma mjini iko ufukweni kabisa. Masika unyevu unapenya kwenye ganda, kile kitambaa laini cha ndani kinashika maji, ukungu unaota juu ya diski. Chukua flopi ya 3½, sogeza kilango chake cha bati, zungusha kitovu cha nyuma kwa kidole huku unatazama uso wa diski kwa mwanga wa pembeni. Ukiona madoa meupe ya duara, huo ni ukungu. Hedi ya draivu, yaani kichwa kinachosoma na kuandika, ikipita hapo inabeba uchafu, inakwaruza diski, na kila flopi utakayoingiza baada ya hapo inakwaruzwa pia. Diski moja mbovu inaua kumi nzima.

#3 FundiNgambo
Migebuka, ulichosema kuhusu ukungu ni kweli tupu, ila soma tena bandiko namba 1. Flopi inarudi Tabora na inasomeka. Ukungu ukishaota hauondoki kwa kupanda treni.

Kwa zile za 5¼ sababu inajulikana na ina vipimo. Kulikuwa na draivu za aina mbili zenye sura karibu moja:

Ya 360K, iliyokuja na XT, PC ya zamani ya IBM: treki (njia za duara za data) 40 kila upande, sekta (vipande) 9 kwa treki, mizunguko 300 kwa dakika. Hedi yake inaandika treki yenye upana wa kama milimita 0.33.

Ya 1.2M, iliyokuja na AT, PC iliyofuata XT, yaani zenye prosesa ya 286 na kuendelea: treki 80, sekta 15, mizunguko 360 kwa dakika. Hedi yake ni nyembamba, kama milimita 0.16, nusu ya ile.

Sasa flopi imefomatiwa kwenye XT, ina treki pana. Unaiingiza kwenye 286 ya Tabora, unaandika barua juu yake. Hedi nyembamba inaandika mstari mwembamba ndani ya treki pana, na pembeni yanabaki mabaki ya data ya zamani. Mashine ya Tabora ikisoma inaona mstari wake mwembamba peke yake, kila kitu sawa. Ukiipeleka kwenye XT ya Kigoma, hedi pana inasoma mstari mpya pamoja na mabaki ya pembeni kwa wakati mmoja. Ishara mbili zimechanganyika, kidhibiti kinashindwa, unapata Data error. Ziwa halihusiki wala jenereta halihusiki.

#4 Uyui_Kwetu
FundiNgambo asante, limeeleweka. Ila hapo umedhani kwamba Tabora walikuwa na 286 na Kigoma walikuwa na XT. Je, ikiwa kinyume?

#5 FundiNgambo
Ikiwa kinyume shida haitokei. Draivu ya 1.2M inasoma vizuri flopi iliyoandikwa na 360K, kwa sababu hedi nyembamba inapita katikati ya treki pana. Ndiyo maana malalamiko yalikuwa ya upande mmoja.

#6 Bi_Isike
Niongeze juu ya FundiNgambo. Dawa ilikuwepo, ila wengi hawakuifuata. Kama lazima uandike kwenye 1.2M flopi itakayosomwa na XT, tumia diski mpya ambayo haijawahi kufomatiwa popote, ya DD (ujazo mdogo, 360K), si HD (ujazo mkubwa, 1.2M). Kisha:

FORMAT A: /F:360

Kwa DOS za zamani zaidi ilikuwa FORMAT A: /4. Diski ikiwa haina kitu cha zamani pembeni, XT inasoma mstari mwembamba bila kelele, ingawa ishara inakuwa hafifu. Kama diski ilishatumika, ifute yote kwanza kwa sumaku kubwa ya spika: izungushe juu ya ganda taratibu, kisha uiondoe sumaku polepole mpaka iwe mbali. Kuifomati tu bila kuifuta hakutoshi, maana hedi nyembamba haifiki pembeni.

Na msichukue diski ya HD ya 1.2M mkaifomati 360K. Utando wa HD unahitaji nguvu ya sumaku kama oersted 600 (oersted ni kipimo cha nguvu hiyo) na wa DD kama 300. Draivu ikidhani ni DD inaandika kwa nguvu ndogo na data haishiki. Leo inasomeka, wiki ijayo hakuna kitu.

#7 Stesheni_ya_Zamani
Wakuu mnaisahau reli. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni takribani kilomita 400, usiku kucha. Injini ya dizeli ya treni inazalisha umeme wake na kuendesha mota kubwa za magurudumu. Hiyo ni sumaku nzito. Flopi zikiwa behewa la kwanza nyuma ya injini zinafutika kidogo kidogo.

#8 Bi_Isike
Kaka Stesheni, nguvu ya sumaku inashuka haraka mno kwa umbali. Ukizidisha umbali mara mbili, inabaki kama sehemu ya nane. Mota ya injini iko chini ya chuma kizito, mita kadhaa kutoka kwa abiria. Kinachobaki pale kwenye kiti hakifiki hata karibu na oersted 300.

Sumaku ya hatari safarini ni ile inayogusa begi: spika ya redio kaseti iliyowekwa juu ya mizigo, au kufuli ya sumaku ya mkoba. Hiyo ikigusa ganda la flopi inafuta sehemu kweli. Lakini ikifuta imefuta, hata Tabora haitasomeka tena.

#9 Stesheni_ya_Zamani
Joto je? Ganda la 5¼ lenyewe limechapishwa nyuzi 10 hadi 50. Dirisha la behewa mchana wa Oktoba pale Urambo au Kaliua linapita hapo.

#10 Bi_Isike
Joto ni hoja nzuri kuliko mota. Diski ikipata joto ganda la 5¼ linajikunja na diski inakwama kuzunguka. Unasikia draivu inakwaruza na taa inawaka bila kusoma. Ukilinyoosha chini ya kitabu kizito siku nzima, mara nyingi linarudi.

#11 DizeliKigoma
Nimesubiri mfike kwenye umeme naona mnaukwepa.

Miaka ile Kigoma ilikuwa kwenye majenereta ya dizeli, gridi ya taifa haijafika. Mtu akisema umeme wa jenereta, wote mnafikiria volti. Volti si tatizo la draivu. Pawa saplai ya PC inameza kuanzia kama 180 hadi 264 na inatoa 5 na 12 zilezile, na mota ya flopi inakula hizo 12. Tatizo ni masafa, yaani zile Hz 50 za umeme.

Draivu nyingi za zamani za 5¼ zinazoendeshwa kwa mkanda wa mpira zina skrubu ndogo ya kurekebisha kasi. Chini ya draivu, kwenye gurudumu linalozungusha diski, kumechorwa duara mbili za mistari, moja imeandikwa 50 na nyingine 60. Fundi anawasha taa ya tyubu juu ya gurudumu, anazungusha skrubu mpaka mistari ya duara la 50 ionekane imesimama. Mizunguko 300 kwa dakika ni 5 kwa sekunde. Tyubu kwenye umeme wa 50 Hz inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Mistari 20 itaonekana imesimama kabisa.

Sasa jioni mji mzima umewasha taa na pasi, gavana ya jenereta, kile kinachoshikilia kasi yake, imelemewa, masafa yakishuka hadi 48 Hz tyubu inawaka mara 96. Fundi anasimamisha mistari, anaona kazi imekamilika. Ukweli ni kwamba ameweka mizunguko 288. Draivu hiyo inasoma flopi zake yenyewe bila tatizo lolote. Flopi ya Tabora iliyoandikwa kwa 300 inamshinda.

Hapo ndipo jenereta inapoingia, na ndiyo maana flopi ikirudi Tabora inasomeka.

#12 Uyui_Kwetu
DizeliKigoma, hii sijawahi kuisikia popote. Shikamoo mzee.

#13 DOS622
Hoja ya DizeliKigoma ni nzuri na fizikia yake ni sahihi. Naipunguzia nguvu kwa mambo mawili.

Kwanza, 288 dhidi ya 300 ni tofauti ya asilimia 4. Kiwango cha kupotoka kinachoruhusiwa kwa draivu ni kama asilimia 1.5 tu, lakini saketi ya kidhibiti inayofuata mapigo ya data kwa kawaida inavumilia zaidi ya hapo. Draivu ya Kigoma ikiwa chini kwa asilimia 4 peke yake, inaweza bado kusoma. Inashindwa pale draivu ya Tabora nayo imepotoka upande wa pili, tuseme asilimia 2 juu. Ni makosa mawili yanayojumlishana.

Pili, skrubu hiyo ipo kwenye draivu za mikanda. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 draivu zilianza kuwa na mota inayozungusha diski moja kwa moja, kasi inadhibitiwa na kioo cha kwatsi, hakuna cha kurekebisha. Za 3½ karibu zote ni hivyo. Na bandiko namba 1 linasema hata 3½ zilikuwa zinagoma. Jenereta haielezi hizo.

#14 FundiNgambo
Nakubali na DOS622. Na hata kwa 5¼, ni mafundi wangapi Kigoma walikuwa wanashika ile skrubu? Hoja ya treki nyembamba haihitaji fundi yeyote kugusa kitu.

#15 DizeliKigoma
Walikuwa wanaishika. Draivu ikikataa kusoma, kitu cha kwanza fundi redio alichokijua ni kasi, kwa sababu ndicho alichokuwa anarekebisha kwenye deki za kaseti. Hoja yako ni nzuri, jirani, ila usiifanye ndiyo pekee.

#16 Mwanga_Sokoni
Kwa 3½ mbona jibu ni rahisi? Tundu.

Flopi ya 1.44M ina matundu mawili: la kuzuia kuandika lenye kitelezi, na la HD upande wa pili. Ya 720K haina hilo la pili. Miaka ile HD ilikuwa ghali, kwa hiyo watu walichukua 720K wakaitoboa tundu kwa pini ya moto au ncha ya pasi ya kulehemu ili draivu idhani ni HD, wakapata nafasi mara mbili. Utando wa DD haujatengenezwa kubeba sekta 18 kwa treki. Draivu iliyoandika inasoma. Draivu nyingine yenye hedi iliyopotoka kidogo haisomi. Baada ya miezi michache hata ile ya kwanza haisomi.

Kinyume chake nacho kilikuwepo: draivu za zamani za 720K zisizo na kihisi cha tundu, mtu anaingiza flopi ya HD, inafomatiwa 720K. Akienda kwenye 386 yenye draivu ya 1.44M, kihisi kinaona tundu, draivu inatafuta sekta 18, inakuta 9, inatoa General failure reading drive A. Dawa: ziba tundu la HD kwa selotepu isiyopitisha mwanga pande zote mbili, ingiza tena. Inasomeka hapohapo.

Katubuka_Juu, zikague za kwako hivyo kabla ya kitu kingine. Tundu lenye kingo zilizoyeyuka limetobolewa.

#17 Katubuka_Juu
Mwanga_Sokoni ubarikiwe. Nimezitazama, kadhaa zina tundu lililoyeyuka kingo. Zote ni za upande wa Tabora.

#18 Migebuka_Asilia
Haya, Tabora mmepatikana. Asali mnayo, flopi za HD hamna.

#19 FundiNgambo
Migebuka, tukimaliza hapa tutazungumzia flopi zilizofungwa pamoja na dagaa.

#20 Kalenga_C64
Mnazungumza PC tu. Kabla ya XT kufika kwenye nyumba za watu kulikuwa na za kaseti: ZX Spectrum ya 1982 na Commodore 64 ya 1983. Ugonjwa huu wa "hapa inasoma, kule haisomi" ulikuwepo kwenye kaseti miaka mingi kabla ya flopi, na sababu yake ilikuwa moja tu: pembe ya hedi.

#21 DOS622
Commodore 64 ni 1982 pia, mkuu. Mengine sawa.

#22 Kalenga_C64
Sawa, 1982. Twende kwenye pembe.

Hedi ya kaseti inatakiwa ikae wima kabisa dhidi ya mkanda. Ikiinama kidogo tu, sauti kali zinakufa kwanza, na data ya kompyuta ni sauti kali. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Moja ina springi chini yake, hiyo ndiyo ya pembe. Kwenye deki ya Commodore kuna tundu dogo juu ya kifuniko ili bisibisi ipite huku kaseti inazunguka. Weka kaseti iliyorekodiwa kiwandani, iache icheze, zungusha robo ya mzunguko kwenda na kurudi mpaka sauti iwe kali na safi kuliko kote. Usitumie kaseti uliyokopi mwenyewe kama kipimo, maana utakuwa unaifuata pembe ya deki nyingine iliyopotoka.

Kwa Spectrum: sauti ya redio kaseti kama robo tatu, trebo juu mwisho, besi chini. Redio ya spika moja ni bora kuliko stereo. Waya wa EAR uchomekwe wakati wa kusoma na wa MIC uchomolewe. Andika LOAD "" kisha ENTER. Pembeni mwa skrini mistari minene myekundu na samawati ni utangulizi, halafu myembamba ya bluu na njano ni data yenyewe. Ukiona myekundu imesimama bila kutikisika, sauti iko chini. Ikivurugika katikati unapata R Tape loading error, 0:1 na unaanza upya. Programu ya kujaza K 48 inachukua karibu dakika tano.

Na hapa nampa DizeliKigoma haki yake. Mashine hizi hazikuwa na pawa saplai inayojirekebisha. Spectrum inatumia trafo ya kawaida ya 9 V, ndani kuna 7805 ya kushusha hadi 5. Hiyo 7805 inataka angalau kama volti 7 mlangoni. Umeme ukishuka hadi 170, trafo nayo inashuka, 7805 inakosa, skrini inajifuta katikati ya kusoma kaseti.

#23 Mwanga_Sokoni
Swali la pembeni: hizo za 1982 zilifikaje huku? Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na televisheni Tanzania Bara haikuwepo mpaka 1994. Spectrum inataka televisheni.

#24 Kalenga_C64
Mashine hizo zilikuja na watu, mkononi: wamisionari, walimu wa kigeni, waliokwenda kusoma nje. Na Kigoma ina Burundi na Zaire jirani. Televisheni zilizotoka huko zilikuwa za SECAM, mfumo wa rangi wa Kifaransa. Kompyuta ya Uingereza inatoa PAL, mfumo mwingine, kwa hiyo picha inatokea nyeusi na nyeupe. Spectrum haikuathirika sana kwa sababu inatoa sauti kwenye kispika chake cha ndani. Commodore ilipoteza rangi na sauti pamoja, maana sauti yake ya Uingereza iko 6.0 MHz juu ya picha na televisheni hizo zinaitafuta kwingine.

#25 Ujiji_Mwembe
Umetaja Burundi, nani anakumbuka kibodi za AZERTY, zenye mpangilio wa herufi wa Kifaransa? PC zilizopita Bujumbura zilikuja nazo. DOS ikiwaka bila kupakia mpangilio inadhani kibodi ni ya Kimarekani. Kwa hiyo kuandika A: unabonyeza kitufe kilichochapwa Q, halafu Shift na kitufe cha M. Herufi m iko kwenye kitufe cha mkato, jirani na N. W na Z zimebadilishana. Aliyezoea hapo aliingia DIR A: bila kutazama vidole.

Ukitaka herufi zifuate kilichochapwa, unaweka kwenye AUTOEXEC.BAT:

KEYB BE,,C:\DOS\KEYBOARD.SYS

BE ni ya Ubelgiji. Ya Ufaransa ni FR. CTRL+ALT+F1 inakurudisha Marekani, CTRL+ALT+F2 inakurudisha ulikotoka.

#26 Katubuka_Juu
Asanteni wote. Sasa naomba hatua za kuzisoma. Kuna mtu kaniambia ninunue draivu ya flopi ya USB.

#27 Bi_Isike
Draivu ya USB inasoma 3½ tu, 1.44M na mara nyingi 720K. Za 5¼ haizigusi. Na ikikutana na sekta mbovu inakata tamaa mapema. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza tenganisha. Zenye ukungu mbali kabisa na safi. Usiingize yenye ukungu kwenye draivu yoyote kabla ya kuisafisha.

Pili funga uandishi. Kwenye 3½ sogeza kitelezi mpaka tundu libaki wazi. Kwenye 5¼ ni kinyume: ziba pengo la pembeni kwa karatasi yenye gundi.

Tatu safisha hedi za draivu. Kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Usitumie spiriti ya rangi ya zambarau, inaacha utando. Usiinue mkono wa hedi ya juu kwa nguvu, umeshikwa na bati jembamba sana. Ukiupinda, draivu imekufa.

Nne, kwa zilizo safi za 3½, tumia Linux na ddrescue, programu ya kuokoa data:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski01.img diski01.map

Hakikisha jina la draivu kwa lsblk kwanza. Inasoma penye uzima kwanza kisha inarudia mabovu mara tatu. Usifanye kazi kwenye diski tena baada ya hapo, fanya kwenye ile nakala yake, faili la diski01.img.

Ukimaliza, LibreOffice inafungua WordPerfect 5.1, WK1 za Lotus na DBF za dBase bila programu nyingine.

#28 FundiNgambo
Kwa 5¼ tafuta draivu ya 1.2M, usitafute ya 360K. Sababu ni ileile ya bandiko namba 3: hedi nyembamba itasoma flopi za aina zote mbili, pana na nyembamba. Iunganishe na kibao kidogo kinaitwa Greaseweazle, kinaingia USB upande mmoja na kebo bapa ya pini 34 upande wa pili. Draivu inataka 5 V na 12 V, chukua kwenye pawa saplai ya PC yoyote. Kiambie kibao kiruke treki moja kila hatua, step=2, maana diski ina treki 40 na draivu ina 80. Usiposema hivyo utapata treki moja nzuri na moja tupu mpaka mwisho.

Kibao hiki kinarekodi mapigo ya sumaku yenyewe, hakisubiri sekta iwe sahihi. Hata penye kosa unapata kitu cha kurudia kukichambua.

#29 Migebuka_Asilia
Na za ukungu: pasua ukingo mmoja wa ganda la 5¼ kwa wembe, toa diski kwa kushika kitovu na ukingo, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, futa kwa vidole kufuata mzunguko, suuza kwa maji yaliyochujwa, anika kivulini. Iweke kwenye ganda safi la flopi nyingine.

#30 Bi_Isike
Maji sawa kwa 5¼, lakini kwa 3½ mimi siafiki. Kitovu cha chuma kimebandikwa kwa gundi, kikilowa kinaweza kuhama katikati na diski ikazunguka kombo. Kwa hizo fungua kilango, tumia kijiti chenye isopropili, zungusha kidogo kidogo pande zote mbili.

#31 Migebuka_Asilia
Kitovu kikishikwa juu ya maji hakilowi. Kijiti kinasukuma ukungu kwenye kitambaa cha ndani, na kesho uko palepale.

#32 DizeliKigoma
FundiNgambo, umeleta chombo kitakachotuamua. Flopi iliyoandikwa kwa mizunguko 288 ikisomwa kwa 300, mapigo yanakuja haraka. Kwenye 360K nafasi ya biti moja ni mikrosekunde 4. Kwa iliyoandikwa kwa 288 itasomeka 3.84. Katubuka_Juu, ukisoma zile za upande wa Kigoma angalia namba hiyo. Kumbuka tu draivu ya 1.2M inazunguka 360, kwa hiyo 4 itaonekana 3.33 na yangu itaonekana 3.2.

#33 DOS622
Kipimo kizuri, ila angalia sehemu mbili tofauti za sekta. Kichwa cha sekta kinaandikwa wakati wa kufomati tu. Mwili wa sekta unaandikwa kila unaposevu. Flopi iliyofomatiwa Tabora na kusevuliwa Kigoma itakuwa na kichwa cha 3.33 na mwili wa 3.2. Ukiona hivyo, jenereta imeshinda. Ukiona namba moja tu kote lakini pembeni pana mabaki, treki nyembamba imeshinda. Na ukikuta vyote viwili kwenye diski moja, basi uzi huu una kurasa nyingine kumi.

#34 Ujiji_Mwembe
Kabla hamjafika huko: Katubuka_Juu, draivu ya 1.2M utaitoa wapi? Ukiitoa kwenye 286 iliyolala stoo, usiiwashe mashine nzima kwa haraka. Fungua kwanza, tazama betri ya pipa kwenye mazabodi, ile ya 3.6 V. Ikivuja kuna unga wa kijani. Ikate, pangusa kwa siki, kisha maji, kisha isopropili. Geuza pawa saplai utazame swichi nyekundu ya nyuma. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka 230, kapasita zinapasuka papo hapo. Na ukichomoa zile plagi mbili za umeme za mazabodi, P8 na P9, ukizirudisha waya nyeusi zikutane katikati, nyeusi kwa nyeusi. Zikipishana, umeunguza bodi.

#35 Katubuka_Juu
Ipo moja Gungu, swichi iko kwenye 230. Betri imevuja, inaliwa na kijani kuelekea soketi ya kibodi. Draivu yenyewe ni ya mkanda.

#36 DizeliKigoma
Ya mkanda na iko Kigoma? Usiiguse ile skrubu. Washa tyubu ya nyumbani kwenye gridi, tazama duara la 50 jinsi lilivyoachwa na fundi wa mwisho, utuambie mistari inatembea kuelekea wapi.